Makaa ya Mama Gitae

Kabla hajashika hata donge moja la makaa, Pyo Sangwon alikuwa amekwisha kujipaka masizi shavuni. Aliyemwomba ni Bae Hyunji, afisa habari wa klabu, naye aliomba kwa adabu kama alivyoomba kila mwaka. "Kidogo tu, kapteni, hapo chini ya jicho." Sangwon akapitisha kidole kwenye rundo, akajichora mstari, akatabasamu, picha ikapigwa. Miaka sita ya kazi hii ilikuwa imemfundisha kipimo. Masizi yakizidi mtu anaonekana mchafu, yakipungua anaonekana hakufanya kazi.

"Sisi tunachafuka kwa jasho, mwenzetu anachafuka kwa vipodozi," alisema Ujin, ambaye alikuwa amecheza naye misimu minane na hakumwogopa hata chembe.

"Punguza mdomo, panga mstari."

"Ndiyo, mheshimiwa Mzee wa Makaa."

Jina hilo alipewa na waandishi wa magazeti, naye alijifanya halipendi. Alikuwa na miaka thelathini na minne, huu ukiwa msimu wake wa kumi na moja katika ligi ya kulipwa, na goti lake la kushoto lilikuwa limeshaanza kumuaga. Aliwahi kuwa mchezaji bora wa mwaka, akavaa jezi ya taifa, akarusha mipira ambayo watu wa Wonju walikuwa wakiisimulia mpaka leo. Lakini kilichomfanya apendwe hata na akina mama wasiojua timu ya kikapu ina watu wangapi uwanjani ni haya makaa. Kwa kila mpira wa pointi tatu aliofunga, yeye na mashabiki wake walitoa madonge ishirini, na kila Desemba timu nzima ilipanda vilima vya mji kuyagawa kwa wazee wasio na moto mwingine. Ulikuwa wema wa kweli, nyumba zilipata joto la kweli. Ila Sangwon alikuwa mtu wa kutenda wema huku akijitazama, na hilo alilijua mwenyewe bila kuambiwa.

Kichochoro cha siku hiyo kilikuwa chembamba mno, gari likabaki chini barabarani. Theluji ya juzi ilikuwa imeganda kwenye ngazi, na wenyeji walikuwa wameimwagia majivu ili watu wasiteleze. Wachezaji kumi na wawili wakajipanga kwenye ngazi, mmoja juu ya mwingine, na madonge yakaanza kupanda kutoka mkono hadi mkono, meusi, ya duara, yenye matundu, kila moja zaidi ya kilo tatu. Nahodha husimama juu kabisa. Ndiye anayeingia ndani, anayapanga makaa ukutani, anazungumza na mwenye nyumba maneno mawili matatu ya heshima. Ndiye pia anayetafutwa na kamera.

Nyumba tatu zilikwenda vizuri. Ya nne, karatasi ilisema: Noh Sunim, miaka sitini na tisa, mjane, anaishi peke yake, madonge mia moja na hamsini. Sangwon alilisoma jina hilo asubuhi akipiga mswaki, na halikumwambia kitu.

Akabisha. Mlango wa bati ukafunguliwa na mama mfupi aliyevaa kizibao cha pamba na soksi mbili mbili. Mama huyo alianza kumtazama kifuani, akapanda taratibu mpaka usoni, na uso wake wote ukakunjuka.

"Nilijua utakuwa wewe," alisema. "Walisema timu inakuja, nikajiambia, lazima atakuwemo. Mbona umekonda hivyo? Hawakulishi huko?"

Alikuwa Mama Gitae.

Katika bweni la timu ya shule aliyochezea Sangwon, akina mama wa wachezaji walipika kwa zamu. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi, na wengi waliipenda kwa wiki ya kwanza. Baadaye huyu akawa na duka, yule akawa na mgonjwa, na zamu zao zote zikamwangukia Mama Gitae, aliyepika miaka mitatu mfululizo bila kununa. Wachezaji walimwita Mama Gitae, kocha alimwita Mama Gitae, hata mumewe alimwita hivyo hivyo. Sangwon alikuwa amekula milo isiyo na hesabu kutoka kwenye mkono ule, na hadi saa hii hakuwahi kujua kwamba mwenye mkono huo ana jina lake mwenyewe.

"Mama," alisema, akainama hadi kiunoni. Sauti ilimtoka ndogo. Aibu ilikuwa imemshika ghafla, ile ya kutamani ardhi ipasuke immeze, naye alipoinama alishukuru kupata pa kuuficha uso.

"Inuka, utaumia mgongo, na Jumamosi mna mechi. Usidhani siangalii."

Nyumba ilikuwa chumba kimoja na jiko lenye sakafu ya saruji. Ukutani palibandikwa vipande vya magazeti: Sangwon na kombe, Sangwon na jezi ya taifa, Sangwon na donge la makaa mkononi akicheka. Picha ya Gitae ilikuwa moja, ya shuleni, ndogo, karibu na kalenda.

Kazi ikaendelea. Ujin alimpa donge mlangoni, Sangwon akaingia, akalipanga, akatoka, akapokea jingine. Mama Gitae alimchanganyia kahawa ya pakiti, akamfuata nyuma kwa nyuma na kikombe kama vile Sangwon bado ana miaka kumi na saba. Alimweleza habari za magoti yake, za jirani aliyehama, za bei ya kabichi mwaka huu. Lakini jambo moja lilikuwa limekaa katikati yao, na Sangwon alijua kwamba kutokuliuliza kungekuwa uchafu mwingine juu ya ule wa zamani.

"Gitae yuko wapi siku hizi, mama?"

"Yuko Ulsan, anachomelea vyuma vya meli." Mama akaweka kikombe chini. "Hajakanyaga hapa mwaka wa sita huu. Mwaka mpya haji. Siku ya kumkumbuka baba yake haji."

Sangwon alibaki na donge mkononi. Ilimbidi akumbuke, ingawa hakuna siku aliyokuwa amesahau.

Kila aliyepitia timu za shule anaujua ule mpango, japo haukuandikwa popote. Chuo kikuu kikimtaka nyota, hakimchukui peke yake. Kinambeba pamoja na mwenzake mmoja au wawili wasio na majina, ili shule iridhike na wazazi wasilie. Nyota wa mwaka ule alikuwa Sangwon, na aliyefungwa naye katika kifurushi alikuwa Gitae, kijana mwenye mikono mizuri na miguu mizito kidogo. Makubaliano yalikwisha fanyika, watu wakapeana mikono. Wiki mbili kabla ya usajili, chuo kingine chenye jina kubwa zaidi kikamwalika Sangwon na baba yake chakula cha jioni. Hicho hakikutaka kifurushi. Sangwon alisema ndiyo kabla nyama iliyokuwa ikichomwa pale mezani haijaiva.

Gitae akaachwa, na hakuna timu iliyomtaka tena. Kama lingeishia hapo, Sangwon angeweza kujitetea kwamba alikuwa mtoto na wakubwa ndio walioamua. Lakini halikuishia hapo. Gitae aliupata ukweli kwa kocha wa chuo kile cha kwanza, akamweleza mama yake, na mama hakuamini. Alimwita Sangwon jikoni kwa bweni, akamwekea bakuli la supu ya mifupa, akamuuliza uso kwa uso kama ni kweli alimwacha mwenzake. Sangwon, kijiko mkononi, akasema si kweli. Akasema Gitae alikataliwa kwa sababu alikuwa anatoroka mazoezi ya alfajiri, na kwamba yeye Sangwon alimtetea mpaka akakosana na chuo, ndipo akahama. Uongo ulimtoka umepangika vizuri, hata yeye ulimshangaza.

Mama Gitae akamgeukia mwanawe. Akamwamuru apige magoti amwombe rafiki yake radhi kwa kumchafulia jina. Gitae alipiga magoti kwenye sakafu iliyolowa, mbele ya wachezaji wadogo wa timu waliokuwa wakiosha vyombo, akaomba radhi. Sangwon akamjibu, "Basi, yameisha." Kisha akamaliza supu.

"Na kosa ni lake," Mama Gitae alikuwa anasema. "Siku ile mlipotwaa ubingwa alikuwa hapa, anakula. Nikamwambia, mtazame mwenzako, kama si uvivu wako si ungekuwa pale pembeni yake? Nilisema hilo tu. Akaweka vijiti vya kulia chini, akavaa viatu. Ndiyo mpaka leo."

"Ulikuwa unamwambia hivyo mara nyingi?"

"Kila ukionekana kwenye televisheni. Si ni mwanangu? Nisipomwambia mimi atamwambia nani?"

Sangwon alihesabu bila kutaka mara ngapi alionekana kwenye televisheni katika miaka yote kabla Gitae hajaondoka. Akaliweka donge juu ya mengine, likakaa vibaya, akalirekebisha.

Mama Gitae akamshika mkono wa koti. "Nakuomba kitu kimoja. Si makaa, makaa umeshaleta. Nadhani ile siku ya jikoni inamla mwanangu. Anakuonea haya. Mpigie simu, mwambie huna kinyongo, mwambie ulishamsamehe. Mimi nikipiga hapokei. Akisikia kutoka kwako atarudi. Nataka mwaka mpya huu ale nyumbani."

"Mama…"

"Maneno mawili tu. Wewe una moyo mzuri, nchi nzima inajua."

Alikuwa ameshatoa kidaftari, akaanza kumsomea namba. Sangwon akaibonyeza kwenye simu yake kwa kidole cheusi. Mama akataka sauti itoke nje naye asikie, na Sangwon akafanya hivyo. Maneno aliyotakiwa kusema yalikuwa mepesi kabisa. Pengine yangemrudisha Gitae nyumbani. Pengine mama angefurahi, na picha ya wote watatu ingebandikwa pale ukutani. Kilichotakiwa ni Gitae asamehewe mara ya pili kwa kosa ambalo hakulifanya. Sangwon alijua anaweza kulisema. Kujua kwamba anaweza ndiko kulikomtisha.

"Haloo." Nyuma ya sauti hiyo vyuma vilikuwa vinagongana.

"Gitae. Ni Sangwon."

"Sangwon yupi?"

"Pyo Sangwon. Niko kwa mama yako. Anakusikia."

Vyuma vikaendelea kugongana. "Mama mzima?"

"Mzima."

"Haya. Sema."

Mama Gitae alimpungia mkono, sema, sema. Sangwon akayatazama makaa ukutani ili asimtazame yeye.

"Nilidanganya," alisema. "Ile siku jikoni. Hukutoroka mazoezi hata siku moja, wewe ndiye uliyekuwa unaniamsha mimi. Nilikubali chuo kingine nikakuacha, nikamdanganya mama yako, ukapigishwa magoti mbele yangu nami nikakutazama tu. Yote uliyomwambia yalikuwa kweli."

 Gitae alisogea pembeni, kelele zikapungua, ikasikika pumzi yake.

"Hapo ulipo kuna kamera?" aliuliza.

Sangwon akageuka. Bae Hyunji alikuwa amesimama mlangoni, kamera begani, taa nyekundu inawaka. Alikuwa amepanda kufuata picha ya nahodha na mwenye nyumba, akakuta simu, akadhani amepata bahati. Sangwon angeweza kusema hakujua, na kweli hakuwa amegeuka. Lakini kwa miaka sita alikuwa akijua kamera iko wapi bila kugeuka, na hakuweza kuapa kwamba safari hii hakujua.

"Ipo," alisema.

Gitae akacheka kidogo, bila furaha. "Miaka kumi na tano, halafu unaisema siku ya kamera. Haya, hongera. Mama, ingia ndani, usisimame kwenye baridi." Simu ikakatika.

Bae aliishusha kamera mwenyewe. Uso ulikuwa umemwiva. "Samahani, kapteni," alinong'ona, akarudi nyuma mpaka nje.

Mama Gitae aliketi kwenye kizingiti cha chumba chake. Hakulia, hakufoka. Alikaa akiitazama mikono yake, na Sangwon akapiga magoti kwenye saruji kwa sababu hakujua la kufanya zaidi ya hilo.

"Inuka," mama alisema. "Nimeshachoka na magoti ya watu."

Akainuka.

"Aliniambia kweli usiku ule."

"Ndiyo, mama."

"Nami nikachukua neno lako. Unajua kwa nini? Kwa sababu ulikuwa unakula vizuri. Yeye alikuwa hali, analia tu. Nikasema mwenye kosa hawezi kula hivi." Akajifunga kizibao vizuri. "Nilikuongezea nyama."

 Sangwon alisema, "Nisamehe," na hata yeye akasikia lilivyokuwa jepesi, neno la mtu anayetaka kuondoka.

Mama Gitae akasimama, magoti yakalia. Akaenda ukutani, akalishika donge la juu kabisa kwa mikono miwili, akamnyooshea.

"Chukua."

"Mama?"

"Yarudishe."

"Usifanye hivyo, mama. Baridi hii ni ya kuua. Nifukuze mimi, makaa hayana kosa. Hata si yangu, ni ya watu."

"Basi wapewe watu. Nina arobaini yangu pale chini ya turubai, yananitosha kwa leo. Kesho naenda Ulsan." Alisema kwa upole, kama anayempangia zamu ya kuosha vyombo. "Asiponifungulia, nitakaa nje mlangoni mwake. Nikirudi nitanunua mengine, au nitalala na makoti. Lakini moto huu wa kwako, nikiuwasha, nitauotaje? Kula ulikula kwangu, nami sikudai. Usinidai na mimi nikushukuru."

Sangwon akalipokea. Hakuwa na njia. Akatoka nalo mlangoni, na Ujin alikuwa pale ngazini na donge jingine tayari, mabega yakitoa mvuke.

"Kapteni, tumegongana. Lako linapanda au linashuka?"

"Linashuka."

"Limepasuka?"

"Hapana. Yote yanashuka."

Ujin akacheka, kisha akautazama uso wake, akaacha. "Kuna nini huko ndani?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni, nalo lilikuwa limepangika vizuri kama lile la kwanza: mama anayo ya kutosha, ameomba wapewe wengine wenye shida zaidi. Lingependeza hata gazetini. Sangwon alilisikia likija, akaona haya kwa jinsi lilivyokuja upesi.

"Zamani nilimdanganya mama huyu," alisema, "nikamharibia mwanawe jina na maisha, mtu niliyecheza naye. Leo amejua. Hataki makaa yangu."

Ujin hakuwa na utani. Aligeuka akalikabidhi donge lake kwa aliye chini yake lirudi lilikotoka, akanyoosha mikono apokee la Sangwon. "Wa chini watauliza. Niwaambieje?"

"Hivyo hivyo nilivyokuambia."

"Hivyo hivyo?"

"Usipunguze."

Ujin akainama, akalitoa donge na akayatoa maneno. Wa tatu akainua kichwa kumtazama nahodha, akageuka, akampa wa nne. Wa nne akainua kichwa. Sangwon alisimama juu ya ngazi akiona nyuso zikimgeukia moja moja, wachezaji wachanga aliowafokea kwa kuchelewa mazoezi, kocha msaidizi, kijana mgeni aliyejiunga juzi ambaye chumbani kwake alikuwa na picha ya nahodha. Huko chini kabisa, kando ya gari, walisimama mashabiki na watoto wao na bango lenye jina lake. Donge likawafikia. Mwanamke mmoja aliyeshika ncha ya bango akainamia aliyekuwa akisema naye, akasikiliza, kisha akautazama mlima.

Alipogeuka, Mama Gitae alikuwa amesimama mlangoni na donge la pili, akingoja mikono yake. Ukutani yalikuwa yamebaki themanini na tano ya kushusha.